Kiebrania cha Kwendea

Kaka yangu Masunga,

Mama tumemzika Jumamosi, hapa hapa Lagangabilili, kando ya Baba. Habari unayo tayari. Hili ninalokuandikia halikuwemo kwenye zile salamu fupi za simu.

Unaukumbuka mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja na mizani zao, nawe ukapata nafasi ya kwenda Israeli kusomea kilimo? Walikupa kijitabu cha misemo ya kila siku, Kiingereza upande mmoja, Kiebrania upande wa pili. Tukakaa nacho jikoni. Wewe unasoma Kiingereza, mimi nakutafutia Kiswahili chake, halafu unatamka Kiebrania mpaka Mama anashindwa kusonga ugali kwa kicheko. Baba akatangaza kanisani kwamba mwanawe anajifunza lugha ya Musa. Laiti angejua kwamba wiki hiyo tulikuwa tumefika kwenye "choo kiko wapi"!

Hata maksai uliwafundisha. "Le'at, le'at," pole pole, ukiwa nyuma ya plau. Baba akafoka, "Wewe, usinibadilishie ng'ombe dini!" Mimi nilifurahi tulipokuta kwamba mtu akiombwa samahani hujibu "ein davar", hakuna neno, kama sisi kabisa. Lakini pole ya kumpa mgonjwa kijitabu hakikuwa nayo. Ukasema, "Basi huko siugui."

Ukaenda. Kozi ikaisha, ukaoa huko huko, ukabaki.

Sijui kama mkeo aliwahi kukusimulia siku tuliyopiga simu kutoka posta ya Bariadi. Ulikuwa kazini, akapokea yeye. Mama akanishika mkono. "Mwambie aniletee mwanangu, hata wiki moja, nimwone kabla sijafa."

Nikatafuta kichwani. Bei gani. Basi linaondoka saa ngapi. Chai bila sukari. Nikaambulia "toda", asante, basi. Mama akaninyang'anya simu, akasema mwenyewe kwa Kisukuma, kuanzia salamu, "mwangaluka, mayu", hadi mwisho wa haja yake. Mkeo hakukata. Alisikiliza kimya mpaka karani akatugongea dirisha.

"Kanielewa," Mama akaniambia njiani.

"Mama, yule Kisukuma hajui."

"Asingeelewa, angekata."

Tangu hapo kila kiangazi alisiriba upya chumba chako. Inaniuma, kaka. Naumia nikikumbuka tulivyokesha na misemo ile yote, kumbe ni ya kwendea tu. Hatukujifunza hata mmoja wa kumwita mtu arudi nyumbani.

Sidai maelezo. Nakuomba jambo moja tu: muulize mkeo kuhusu bibi aliyemsemesha siku ile kwa lugha asiyoijua. Akisema hakuelewa kitu, nitanyamaza. Akisema alielewa, basi Mama alikuwa sahihi, na asiyeelewa miaka yote hii ni wewe.

Ubaki salama huko uliko.

Mdogo wako, anayekupenda bado.