Kashata za Tairi Mteremkoni

Jumapili, Masuguru, hapa Korogwe. Mvua ya masika inapiga bati tangu asubuhi.

Nimezoea kuandika humu mambo madogo. Leo nina kubwa, na sijui nilianzie wapi.

Mimi ndiye dereva wa Landrova ya zahanati, ile inayozungukia vijiji vipya vya Ujamaa upande wa Handeni. Kabla mvua haijachanganya nilikwenda stoo kuchukua tairi. Kulikuwa na mpya za barabara ya lami, zinang'aa, mifereji yake myembamba. Pembeni kulikuwa na nyingine zilizokwisha kutumika, za matope, kashata zake, yaani yale meno ya mpira, nene na zenye kina cha kumeza ncha ya kidole. Nikachukua hizo, zote za aina moja, maana gari likikamata mbele huku nyuma linateleza, umekwisha. Mtunza stoo alicheka, akauliza ni mwanamke gani anayeacha kipya akachukua kilichovaliwa na mwenzake. Nikacheka naye.

Kusema kweli, sikuwa na hakika.

Jana asubuhi nikaitwa katika kijiji kimojawapo. Zaina, msichana aliyeolewa mwaka jana tu, alikuwa ameshikwa na uchungu, na mkunga alisema mtoto amekaa kiupande. Lazima afike hospitali Korogwe. Tukamlaza nyuma ya gari, mama yake akampakata kichwa.

Njiani, kwenye kilima cha udongo mwekundu, tukakuta lori limelala mtaroni. Maji yalikuwa yanashuka barabarani kama mto, na kushoto kuna korongo. Watu wa lori walisogea dirishani. Mmoja wao, mtu mzima mwenye kofia iliyolowa, alisema taratibu, "Binti yangu, rudi. Leo hapapiti gari."

Niligeuka nyuma. Mama yake Zaina aliinamisha uso. Aliyejibu ni Zaina mwenyewe.

"Usirudi, dada."

Basi.

Nikashuka, nikapunguza upepo kidogo kwenye kila tairi ili zilale vizuri chini. Nikaingiza gea ya kwanza, magurudumu yote yakivuta, nikatoa mguu kwenye breki na kujiapiza nisiurudishe. Tukaanza kushuka. Katikati ya mteremko nyuma ya gari ikahama, ikawa inakwenda korongoni. Sikusali, sikukumbuka hata jina langu. Niligeuza usukani polepole kuufuata upande ule ule tunakoteleza, na hapo nikazisikia kashata. Zinauma udongo, zinatema matope, zinauma tena. Gari likanyooka.

Kandokando wale wanaume walisimama mvuani. Yule mtu mzima alivua kofia yake.

Tulipouona mkonge wa Ngombezi, Korogwe ikiwa karibu, mama yake Zaina ndipo alipoanza kulia. Hospitali walimpokea binti yake mikononi, wakampeleka kupasuliwa.

Ni mtoto wa kike. Wote wawili wazima.

Leo nilikwenda kuwaona. Bibi alinipa mjukuu wake nimshike. Nilipotoka nikachuchumaa kando ya gari kama mtu aliyepoteza kitu. Nilitaka kuona tu ni kiasi gani cha tairi kinachogusa ardhi. Hakizidi sana kiganja changu. Miaka yote hii naendesha na sijawahi kukitazama. Uzito wote ule, chuma, watu, na mtoto ambaye hata hajazaliwa, vyote vilikuwa vimeshikiliwa na vipande hivyo vidogo, juu ya udongo unaokimbia.

Nani aliyatengeneza mambo yawe hivi?

Kesho wananihitaji tena ng'ambo ya kile kilima. Nitakwenda. Ninachoomba ni kimoja tu: nisije nikakizoea hicho kipande kidogo kinachotushikilia.