Presha Nisiyo Nayo

Jumanne, Mabatini

Basi sasa nina presha. Daktari alinieleza vizuri kwamba vidonge hivi ni vya presha, ila hutuliza pia moyo unaodunda kwa wasiwasi, kama wangu kila nikisimama mbele ya darasa. Leo mama mkwe kaviona mezani.

"Mwanangu, una presha na umenyamaza?"

Nilitaka kumwambia ni wasiwasi. Nikakumbuka alivyomcheka shemeji: "Wasiwasi ni ugonjwa wa wasio na kazi!" Nikajibu, "Ndiyo, mama."

Sijafua wala kudeki. Majirani wamekuja kunipa pole. Nimekula sato asiye na chumvi, na moyo ulikuwa umetulia kabisa, mpaka mama aliposema kesho anamwita nesi aje kunipima.