Kufuli Mbili za Ghala la Wimbi

Jumatatu, 4 Machi 1974
Moraa wewe, umepotelea wapi? Tangu mavuno hujajiandikia neno katika daftari hili. Ulimsumbua mwalimu wa ngumbaru akufundishe herufi uzeeni, sasa umezitupa. Aibu. Kaa chini uandike.

Leo tumefungua ghala la wimbi la chama chetu cha akina mama hapa Gesima. Kama kila Jumatatu. Mlango una kufuli mbili. Ufunguo mmoja wangu, mwingine wa Kemunto, mke mwenzangu. Akina mama walituchagua kwa sababu moja tu: hatupendani. Walisema mbele yetu, "Hawa hawawezi kukubaliana hata kuiba." Kweli kabisa. Mzee wetu alifia nyumbani kwake, si kwangu. Wanawe wana kazi mjini. Lakini bila mimi hafungui mlango. Hilo linanishibisha.

Jumatano, 6 Machi
Kesho anakuja mkaguzi kutoka Nyamira. Anataka kuona kama nafaka ya watu iko salama mikononi mwetu. Nimemwona Kemunto kupitia migomba, anafua kitambaa chake cha manjano, sare ya chama. Na mimi nikafua changu. Kikachuja rangi. Simpendi yule mwanamke. Naomba gunia lipungue na lawama imwangukie. Mungu anisamehe. Bado naomba.

Alhamisi, 7 Machi
Mkaguzi ni kijana mwembamba, ana adabu. Nimempa ndizi, anahitaji kula. Akapima magunia yote. Hakuna lililopungua. Nikakasirika kidogo.

Kisha akachukua ufunguo wangu, akautia kwenye kufuli ya Kemunto. Ikafunguka. Ufunguo wa Kemunto nao ukafungua yangu. Kufuli zenyewe tulizinunua siku moja, duka moja, zimetoka boksi moja. Hatukuwahi kujaribu. Nani angejaribu? Mimi nishike kufuli ya yule? Miaka yote hii kila mmoja wetu angeweza kuingia peke yake.

"Mama zangu," akasema, "hizi kufuli hazilindi kitu. Kinacholinda hapa ni wivu."

Mwenyekiti wetu, Mama Nyaboke, hakukawia. "Na haushiki kutu, mwanangu!"

Akina mama wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Kemunto pia hakucheka.

Mkaguzi ameagiza kufuli mpya zisizofanana. Tena funguo zisikae kwa watu wawili wa boma moja. "Siku mkipatana je?" Nikamwambia hataiona siku hiyo. Akatabasamu, akaandika vilevile. Mmoja wetu lazima atoke.

Ijumaa, 8 Machi
Nimetoka mimi. Wamenyoosha mikono na Kemunto amebaki. Eti yeye yuko karibu na ghala. Karibu gani? Kati ya nyumba yangu na yake kuna migomba tu!

Nimeurudisha ufunguo. Nimepika, sikula. Wivu unanichoma kama pilipili jichoni. Alimpata mzee, akapata wana wa mjini, sasa na mlango. Mwenzake mpya ni mke wa mwalimu, kasichana kanakocheka na kila mtu. Watapendana hao. Hapo ndipo akina mama waanze kuhesabu magunia yao.

Jumatatu, 11 Machi
Manyunyu tangu alfajiri. Kemunto alisimama uani kwangu saa yetu ya kwenda ghalani. Kwa mazoea, nafikiri. Sikumkumbusha kuwa mimi si wa ghala tena. Anajua.

Alikung'uta maji ya mvua kwenye kitambaa chake. Halafu: "Kale kasichana kanaongea mno, dada yangu."

Dada yangu. Hajawahi kuniita hivyo, hata siku tulipomzika mzee.

Nikamtolea kigoda. Nikampa chai ya maziwa mengi, kwa kikombe kizuri. Nikajuta kuhusu kikombe. Tulitazama mvua. Alipoinuka alikuwa amechelewa, na hakuharakisha. Ufunguo ulikuwa unaning'inia shingoni mwake. Niliutazama mpaka akapotea kwenye migomba. Bado namwonea wivu.

Moraa, ukirudi hapa anza na hili kwanza: alikuja tena, au hakuja.