Nimesugua ushahidi wa shemeji

Mwenzangu, nimeitwa jasusi jikoni kwangu mwenyewe.

Unajua tangu soko liungue shemeji anamtisha binti yangu asirudi kuuza chai, eti lilipigwa bomu. Leo kaja na kipande cha hilo bomu, cheusi tii, kakiacha kwenye sinki. Mimi nikaona uchafu, nikakisugua.

Kikatokea kifuniko cha birika. Na kishikio chake.

"Umefuta ushahidi, shemeji. Nani kakutuma?"

"Bomu gani lina kishikio?"

"Ndivyo wanavyolificha."

Jasusi, mwenzangu. Mimi na goti langu hili.

Binti yangu, ambaye hakuwa amecheka tangu ule moto, kacheka mpaka kakaa sakafuni. Kesho anarudi sokoni, na kifuniko anakwenda nacho.