Mshipa wa Wifi

Jumatatu, 4 Machi

Wifi katolewa nyuzi leo. Amerudi anacheka. Analala usiku kucha sasa, anasema, kama mtoto aliyeshiba. Mimi je? Wayo unawaka mpaka shuka nalirusha chini.

Baridi yabisi tunayo wote wawili. Tulizoea kutaniana kwamba tumeolewa na ugonjwa mmoja, wake wenza! Vidole vilevile vinavyopinda, dawa zilezile, cherehani zetu mbili zinatazamana pale dukani. Hata miguu yetu ya kulia ilianza kusumbua pamoja — moto kwenye wayo, ganzi vidoleni. Daktari akamgonga nyuma ya kifundo, shoti ikampiga mpaka kidole gumba. Kumbe mshipa wa fahamu umebanwa! Uvimbe wa viungo umeukaba pale unapopita. Wakapasua, wakaupa nafasi. Basi. Kapona.

Nimemwambia hongera. Meno nje, roho ndani inatafunwa.

Alhamisi, 28 Machi

Karudi kazini. Cherehani yake inalia trrrr bila kupumua! Yangu inakohoa: nakanyaga, nasimama, nakanyaga. Tajiri wetu, mwenye duka, kaja na kitambaa cha gauni la bibi harusi. Amekipitisha mbele ya pua yangu, akakiweka mezani kwa wifi. Magauni ya harusi ni yangu. Toka zamani ni yangu!

Wifi akasema tugawane, mimi nishone mikono. Mikono! Afadhali angeringa. Huruma yake ndiyo inaniudhi.

Jioni mume wangu: umemwona dada anavyotembea? Nikamjibu nina macho.

Jumanne, 2 Aprili

Zamu yangu kwa daktari. Nimeomba njia nzima: Mungu, na mimi mshipa wangu uwe umebanwa. Dua gani hii!

Akagonga nyuma ya kifundo. Kimya. Hakuna kitu. Akainua kidole tena — nikaruka! "Uwii! Shoti!" Mpaka kitanda kimelia. Akanitazama. Akagonga kando kidogo, nikaruka tena.

"Hapo hapapiti mshipa, mama," akasema taratibu. "Tutapima kwa umeme, tujue."

Nyumbani nimesema tu wanadhani nimebanwa. Mume wangu kaleta beseni la maji ya uvuguvugu, kanikanda miguu. Tangu lini?

Jumatatu, 15 Aprili

Umeme unapita. Safi kabisa, anasema daktari, tena kwa furaha! Sijabanwa popote. Ni viungo vidogo vya mguu vimevimba. Kabadilisha dawa, tuvute subira. Hakuna cha kupasua. Nilitamani kumrushia kiatu.

Wifi alikuwa kwenye benchi nje, kanishikia mkoba.

"Wamesemaje?"

"Nimebanwa."

Sijui limetokaje. Akanikumbatia, akalia, watu wanatazama. "Utapona kama mimi, wifi yangu! Utaona!"

Jumatano, 17 Aprili

Wote wanauliza napasuliwa lini. Tajiri pia. Mama mkwe kasema atakuja kunipikia nikiwa kitandani. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu inazidi kurefuka.

Ijumaa, 19 Aprili

Mchana wifi kanivuta kwenye chumba cha kupimia nguo, kafunga pazia.

"Wa kushoto umeanza."

Moto uleule, ganzi ileile. Uso umemsawajika. Ugonjwa haukulala, anasema, ulikuwa unahama tu. Nisimwambie kaka yake, atahangaika. Jumatatu twende wote kwa daktari, tuingie pamoja — "maana wewe ndiye unayejua kubanwa kulivyo."

Nikamshika bega. Pole, nikasema, pole sana wifi. Na ndani yangu kitu kikachekelea. Kabisa! Kikachekelea kama mtoto aliyepewa pipi. Nikaenda kunawa uso. Nikanawa tena.

Gauni la bibi harusi halijaisha. Tajiri kauliza nani atalimalizia. Nikasema mimi. Haraka mno nikasema.

Jumatatu, 22 Aprili

Jana nimelala mpaka asubuhi. Dawa mpya labda. Au uchovu. Sijamwambia mtu.

Teksi iko nje, wifi anagonga. "Umevaa? Tutachelewa!"

Nimevaa zamani. Nimekaa kitandani na kalamu. Tukiingia tu, daktari ataniuliza dawa inaendaje, na yote yatamwagika palepale mbele ya wifi. Nimwambie hapa, kabla hatujatoka? Niseme nini? Kwamba nilikuonea kijicho kwa kupasuliwa? Kwamba wa kushoto ulipoanza...

"Wifi! Unaumwa? Nikusaidie kuvaa viatu?"

Yeye! Anisaidie mimi!

Nimesema nakuja. Anatembea huku na huku ukumbini. Namsikia anavyouburuta ule wa kushoto — kish, kish. Mlango ni hatua moja tu. Mungu anisamehe, bado nasikiliza.