Jaji Aliyekataa Kusikiliza Kesi ya Bonde

Jumanne, Mundika. Mvua imenyesha tangu alfajiri na umeme umekatika tena.

Niwieni radhi, nyinyi wachache mnaosoma ukurasa huu. Mara ya mwisho nilipoandika hapa mahindi yalikuwa machanga. Sasa tumekwisha kuyavuna, kuyapukuchua na kuanza kuyala. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nikiandika kitabu, na kitabu hicho kimenikosanisha na watu wa mke wangu.

Nimeudhika. Ni vyema niseme hivyo mapema ili msitafute utulivu katika maneno haya.

Kitabu chenyewe ni kidogo, kurasa hamsini hivi, kuhusu maisha ya Jaji Devshankar. Vijana wa hapa wanalijua jina tu, kwa sababu kila kizazi cha ukoo wa mke wangu kina akina Desangari kadhaa, kama linavyotamkwa hapa. Wengi wao hawajui kwamba wameitwa kwa jina la Mhindi.

Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake huko Mumias, kati ya marobota ya vitambaa na madebe ya mafuta ya taa. Alisomea sheria Uingereza. Aliporudi, mawakili Wazungu wa Kisumu hawakutaka kufanya kazi naye chini ya paa moja, akafungua ofisi yake juu ya ghala la pamba. Alipokea kesi ambazo wenzake walizikataa. Mojawapo ilikuwa ya ukoo huu, dhidi ya kampuni ya kuchambua pamba iliyodai bonde zima hadi mto Sio. Akashinda. Wazee walimchinjia fahali, wakampa kigoda na jina la ukoo. Tangu siku hiyo, kwao hakuwa wakili wa kukodiwa. Alikuwa mtoto wa nyumbani.

Matatizo yote yalianzia kwenye kigoda kile.

Miaka ikapita. Devshankar akafanywa hakimu, kisha jaji. Kampuni nayo ikafungua kesi upya, safari hii ikidai sehemu ya chini ya bonde peke yake, na jalada likaangukia mezani pake.

Nilikuwepo. Nilikuwa mkalimani wa mahakama, kijana mwenye suti moja. Majaji wengine walituacha tusimame siku nzima. Yeye aliagiza niletewe kiti, akisema kwamba mkalimani aliyesimama hufasiri haraka ili akapumzike. Siku hiyo wazee wa ukoo walijaza mabenchi, wamevaa makoti ya sufu katika joto lile, na baadhi yao walikuwa wakitabasamu. Waliona kesi imekwisha kabla ya kuanza.

Jaji alilifungua jalada, akavua miwani, akanigeukia.

"Waambie hivi. Nilipokuwa wakili wao nilikuwa upande wao. Leo sina upande. Kesi hii ataisikiliza jaji mwingine."

Nikafasiri bila kuongeza wala kupunguza. Mzee Ouma, ambaye baadaye alikuja kuwa baba mkwe wangu, alisimama polepole.

"Basi mwambie arudi kuwa wakili."

Chumba kizima kilicheka. Jaji hakucheka. Alitoka kwa mlango wa nyuma, na jaji mwingine akaja, akasikiliza, akaipa kampuni sehemu ya chini.

Mpaka leo wazee husema: alikula fahali wetu, akatukimbia. Katika maisha yangu yote ya ndoa nimewaeleza, kwenye harusi na kwenye matanga, kwamba sikuwahi kuona mahakamani tendo la haki zaidi ya lile. Hunisikiliza kwa heshima, kisha huomba waongezewe chai.

Kampuni ilifungwa miaka michache baadaye. Watu wakarudi bondeni kimya kimya, wakalima, wakajenga, wakazika wafu wao. Hakuna aliyewafukuza. Sasa serikali ya kaunti inataka kuweka pale uwanja wa kuegesha malori, kwa sababu foleni ya kuelekea mpakani imevuka kila mpaka wa akili. Wanasema ardhi ilikuwa ya kampuni, kwa hiyo ni ya serikali. Kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi ni Ijumaa.

Ndipo kitabu changu kilipogeuka kuwa silaha.

Wandera, kaka wa mke wangu, alikuwa wakala wa forodha Malaba hadi alipostaafu, na sasa ni mwenyekiti wa kamati ya ukoo. Shule ya hapa inataka kuuita ukumbi wake mpya kwa jina la Jaji, na Wandera anataka kitabu kizinduliwe humo siku ya Alhamisi, maofisa wa kaunti wakiwa wameketi mbele. Sharti lake ni moja. Sura ya nne iseme kwamba Jaji aliisikiliza kesi ile ya pili na kuwapa bonde lote.

Jumamosi niliwaambia wanakamati kwamba hukumu iliandikwa, na kwamba jalada lipo mahali fulani. Wandera alicheka.

"Mzee, hiyo faili panya walimaliza kitambo. Wewe andika tu. Kitu ikishachapishwa, nani atauliza?"

Nikamjibu kwamba nitauliza mimi.

"Kwani wewe ni shemeji yetu ama shemeji ya kaunti?"

Wote walicheka, mchungaji akiwemo. Nilichukua kofia yangu nikaondoka kabla ya chakula, jambo ambalo halifanywi ukweni. Nililifanya.

Ingekuwa ni Wandera peke yake, ningelala vizuri. Jana, hata hivyo, alikuja Taaka, mdogo wa mke wangu. Ni mjane. Nyumba yake iko sehemu ya chini ya bonde, pamoja na mihogo yake, ng'ombe wake wawili na kaburi la mumewe. Aliniletea viazi vitamu, akaketi, akauliza habari za goti langu. Kisha akasema, bila kuinua sauti:

"Shemeji, sikwambii udanganye. Ruka tu hiyo siku. Andika alitushindia, halafu andika alikufa."

Mke wangu alikuwa mlangoni akichambua kunde. Tangu jana hajaniambia lolote ila kuniuliza kama nitakunywa chai.

Wandera naweza kumkasirikia. Taaka siwezi.

Usiku nilipata wazo lililonifariji kwa muda mfupi. Nilijiambia kwamba hata mimi nina upande, maana nimeoa katika ukoo huu. Mtu mwenye upande hujiondoa. Ndivyo alivyofanya mtu ninayemsifu kwa kurasa hamsini. Nimkabidhi mwingine karatasi, nikae nyumbani nikiwa safi.

Kisha nikakumbuka kwamba mwingine huyo yupo tayari. Ni mkwe wa Wandera, mchapishaji wa kadi za harusi mjini Busia, na ataandika atakachoambiwa.

Hapo, kwa mara ya kwanza, niliitazama siku ile kutoka kwenye mabenchi, si kutoka kwenye kiti cha mkalimani. Jaji alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa safi. Mzee Ouma alitoka kwa mlango wa mbele akiwa amepungukiwa na nusu ya bonde. Je, Jaji hakuwajua wenzake? Hakujua ni nani angeketi mahali pake, na mtu huyo angeamua nini? Alinitendea wema mwingi, na miaka ile yote sikumwuliza. Nimeandika maisha yake bila kuliuliza swali hilo hata mara moja.

Hilo linaniudhi kuliko Wandera.

Sisemi kwamba alikosea. Bado naamini kwamba asingeweza kuisikiliza kesi ile na kubaki jaji. Lakini katika sura ya nne niliandika kwamba uamuzi wake haukumdhuru mtu, na asubuhi ya leo nimeifuta sentensi hiyo. Mahali pake pako wazi. Nimeketi hapa tangu kifungua kinywa na sijapata ya kuweka.

Uongo wa Wandera sitauandika, hilo nimelikatia shauri. Linalonishinda ni ombi la Taaka. Nikiiruka siku ile, nitakuwa nimemlinda mjane kwa kumnyang'anya marehemu tendo lililo bora zaidi katika maisha yake. Nikiiandika kama ilivyotokea, mtu fulani ataisoma kwa sauti Ijumaa mbele ya maofisa, na tingatinga litajua pa kuanzia.

Mke wangu ameniwekea chai mezani, amejifunika leso, na ameondoka katika mvua hii kwenda kwa mdogo wake Taaka. Hakusema atarudi lini.

Nikishaamua nitaandika hapa, lakini mke wangu ndiye nitakayemwambia kwanza.