Maneno Yaliyokosa Nafasi Kwenye Kibao

Papa,

Samaki wako hawajambo. Maji bado nayaacha ndooni siku nzima ili dawa ya bomba iishe nguvu, maana najua ungenigombeza nikiharakisha. Mlinzi wa chuo aliniuliza yule muzee wa kofia ya sufu yuko wapi. Nikamweleza. Kesho yake akasahau, akauliza tena, nami nikapita tu.

Nimeanza na samaki kwa sababu jambo lenyewe naliogopa.

Unakumbuka ulivyoanza kunifuata maabara? Baruti za mgodi wa Luhwindja zilikuwa zimekumaliza masikio, na nyumbani Bagira ulichoka kukaa katikati ya watu wanaochezesha midomo. Nikakupa kiti karibu na mabeseni. Nilikuwa nimewatia samaki dawa inayoua seli zenye vinywele, zile zinazowajulisha maji yanatoka upande gani. Ni ndugu wa zile zilizo ndani ya sikio la mtu. Baada ya siku mbili seli hizo huota upya, na samaki huelekeza tena vichwa kwenye mkondo. Katika beseni la tatu nilikuwa nimezuia pia kimeng'enya kimoja. Mimi nimeinamia darubini, wewe ukanigusa bega.

"Maman," ukasema, maana nina jina la mama yako, "hawa hawajue maji inatoka wapi."

Kweli. Wenzao wamejipanga vizuri, hao wanapeperuka ovyo. Uliona kabla sijahesabu seli hata moja. Ukatamba wiki nzima kwamba darubini yangu ni ya mapambo.

Ulitaka kujua sababu. Nikachukua kibao chetu cha chaki, nikaandika kwamba kila seli ina maagizo yote ya mwili, ila yamekunjwa kama vitenge sandukuni. Vimeng'enya vya aina hiyo ndivyo vinavyokunja na kukunjua, bila kugusa hata uzi mmoja wa kitambaa. Ukikizuia kimoja, maagizo ya kutengeneza seli za kusikia yanabaki yamekunjwa. Kibao kilikuwa kidogo, na herufi nilizichora kubwa kwa ajili ya macho yako. Naandika, nafuta, naandika. Nikafika hapa: "Seli za kusikia zinarudi." Nafasi ikaisha. Yalibaki maneno machache tu: kwa samaki ndiyo, kwa mtu mzima bado hapana.

Kabla sijafuta, ulikuwa umesimama. Ulicheka, Papa. Miaka mingapi sijakuona ukicheka vile? Ukaniuliza, "Na yangu itarudi?"

Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo.

Nilijiambia nitakueleza kesho. Kesho ikazaa kesho. Parokia ilipoandika majina ya watu wa kupewa vifaa vya kusikia, ulikataa. Ulimwambia padri awape wale wasio na mtoto anayetafuta dawa. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwako. Nikanyamaza.

Kumbe wewe hukunyamaza. Siku ya tatu ya matanga, Tonton Bahati, rafiki yako uliyetoboa naye mwamba ujana wenu wote, alinivuta pembeni. Kwa ile sauti yake kubwa ya mtu ambaye naye baruti zilimmaliza masikio, akaniuliza: "Maman, ile dawa ya Papa yako, sasa utapatia nani?" Naye alikuwa amekataa kifaa. Alikuwa akisubiri wewe upone kwanza. Watu wakatugeukia, nikatamani ardhi inimeze.

Jumamosi nilimfuata kwake na kibao. Safari hii niliandika yote, nikifuta na kuandika, mpaka neno la mwisho. Alisoma polepole. Sikujitetea, ningejitetea kwa lipi? Alinirudishia kibao, kisha akauliza kama parokia bado inaandika majina. Bado inaandika. La kwake nimelipeleka mwenyewe. Kama amenisamehe sijui, na sikumwuliza.

Kuna wengine uliowaambia. Nakuahidi nitawafikia mmoja mmoja, na hakuna nitakayemkatia maneno njiani. Beseni la tatu naendelea nalo. Huenda siku moja watu watajua namna ya kukunjua kile kilichokunjwa ndani ya sikio la mtu, lakini sitamwahidi yeyote kuwa atakuwa hai kuiona siku hiyo.

Kwaheri, Papa. Nisamehe. Asubuhi ile hospitalini macho yako yalikuwa yamefumbwa, kibao hakikuwa na kazi tena. Nilikuita. Nilikuita mpaka muuguzi akanishika mkono. Kama ungekuwa na kile kifaa cha parokia, ungejua kwamba nilikuwepo.

Mimi, mtoto wako